Habari Aliyoibeba Adolphine Mpaka Kaza

Kwetu Black Rock, mtaa wa Buffalo huku Marekani, ukimwona Adolphine anaegesha gari lake mbele ya nyumba yako katikati ya wiki, hukumwalika, na mkononi ana sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, basi jua una mtu wako amefariki. Watu wanamwogopa kwa hilo, na bado ndiye wanayemtafuta. Msiba ukitokea Bukavu au Uvira, kule tulikotoka, wenye habari hawampigii mfiwa, wanampigia Adolphine. Yeye anaomba ruhusa kazini, anapika, anakuja, anakaa. Anakuuliza kama umekula. Hata ukisema umekula atakulisha, maana anajua akishasema lililomleta hutagusa chakula tena. Anakuvua viatu. Anahakikisha watoto wako mahali salama. Kisha anakushika mikono yote miwili, na hapo ndipo anasema.

Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alijipa mwenyewe, na alijipa kwa sababu ya Louisville.

Louisville ndiko alikofikia Marekani alipotoka kambi ya wakimbizi, yeye na binti yake Alliance na dada yake mkubwa Elisabeth. Alipata kazi ya bohari, kupanga maboksi. Siku moja yuko kazini, simu ikatikisika mfukoni, naye akaitoa aangalie saa tu. Kwenye kundi la familia mtu alikuwa ameweka picha ya mama yake ndani ya sanduku, pamba puani, na chini ya picha watu walishaanza kuandika pole, pole sana, poleni familia. Hata kwamba mama anaumwa hakuwa ameambiwa. Adolphine akaanguka pale pale katikati ya maboksi. Msimamizi akadhani ni joto, akamletea chupa ya maji baridi na kumwuliza kama ataweza kumaliza zamu. Na kwenda kuzika hakuweza, makaratasi yake yalikuwa bado ya mkimbizi. Mimi nikifikiria ile chupa ya maji hasira zinanipanda, na mama hakuwa hata wangu.

"Mimi nilishauliwa na telefone," Adolphine hupenda kusema. Akaapa kwamba hakuna mwingine atakayeuliwa hivyo ikiwa yeye yupo na miguu yake inatembea.

Ndiyo maana nasema, haya yaliyompata hayakutoka kwa ubaya. Angekuwa mtu mbaya ningesimulia kwa raha zaidi.

Buffalo alihamia kwa ajili ya nyumba. Black Rock nyumba zilikuwa rahisi, naye akanunua moja ya zile za juu na chini: chini akakaa yeye na Alliance, juu akapangisha. Mpangaji wake alikuwa Angmo, mwanamke wa milimani, mbali huko India kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Tibet, katika mji unaoitwa Kaza. Ndiyo, Kaza. Walijuana kwenye kiwanda cha pampu za maji Tonawanda, pale Adolphine alipokuwa anamfokea mwenzake Aksanti, "Kaza! Kaza nati vizuri!" na mwanamke mfupi wa upande wa pili wa meza akageuka kuona nani anaujua mji wao. Walicheka mpaka msimamizi akaja. Watu wameanza urafiki kwa mambo madogo kuliko hayo.

Angmo aliletwa Marekani na mume, mtu wa Columbus aliyekwenda kutembea milimani akampenda. Ndoa ilivunjika kabla hajajua hata njia za mabasi. Mtoto hakupata. Wa kwao hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu. Alipoingia ile nyumba ya juu alikuja na mabegi mawili na vibakuli saba vya shaba, na kila asubuhi alivijaza maji na kuvipanga dirishani. Adolphine kwa miezi mingi aliamini ni kwa ajili ya hita, kulainisha hewa. Alipoambiwa ni sadaka kwa Buddha, akanyamaza kidogo, akasema, "Bon. Maji ni maji."

Kanisani hawakunyamaza. Walimwambia amwombee yule mpangaji aokoke, na wengine walikuja kumwombea wenyewe, wakapanda ngazi na gitaa. Angmo aliwakaribisha akawapa chai ya kwao, yenye siagi na chumvi. Mzee mmoja aliimeza kama dawa ya minyoo. Tangu siku ile Angmo akawa hasemi tena mambo ya dini yake, hata kwa Adolphine. Hakukasirika. Aliona tu kwamba yanaleta wageni wengi.

Lakini mengine yote walisemezana. Kiingereza chao kilikuwa kibovu wote wawili, kwa hiyo hakuna aliyemwonea aibu mwenzake. Angmo alijifunza kula bugali na sombe ya majani ya mihogo kwa mkono, Adolphine akajifunza kuiita ile chai supu, na kwa jina hilo akaipenda. Na kila Jumamosi asubuhi, ambayo Kaza huwa jioni, simu ya Angmo iliita, na kwenye kioo akatokea Ama, yaani mama yake, bibi mwenye nywele zilizosukwa mikia miwili na shanga za sala mkononi, na kando yake Palden, mdogo wake Angmo, mwalimu wa shule, aliyekuwa anatafsiri. Ama alimpenda Adolphine kwa kumwona tu. Alikuwa anauliza, "Yule mweusi wangu amekula?" Na Adolphine, ambaye simu ilimletea kifo cha mama yake, akawa anaingoja simu ya mama wa mwenzake wiki nzima.

Kisha Angmo akaanza kukonda. Madaktari walisema ni saratani ya kongosho, na waliposema walikuwa wameshachelewa. Adolphine alimtunza mwenyewe. Hospitalini walipouliza ndugu wa mgonjwa ni nani, Angmo alimwonyesha kidole yeye, na daktari akawaangalia, mmoja wa rangi hii na mwingine wa ile, akaandika. Ama aliambiwa ni tumbo, linatibiwa. Hilo Angmo alilitaka mwenyewe, hakutaka mama yake ahangaike wakati yeye bado yuko hai.

Siku za mwisho, amerudishwa kitandani kwake kule juu na hana nguvu hata ya kugeuka, alimvuta Adolphine kwa mkono.

"Wanichome," alisema. "Majivu yangu uyapeleke nyumbani. Na Ama umwambie. Usikawie."

"Nitakwenda mimi mwenyewe," Adolphine akamwambia. "Kwa miguu yangu. Sitamwambia kwa simu, nakuapia."

Angmo alimtazama sana. Pengine alitaka kusema kitu. Lakini ile dawa ya maumivu ilikuwa inamvuta, akafumba macho, na Adolphine akaridhika kwamba amekubaliwa.

Alikufa asubuhi, mwezi wa nne, theluji ya mwisho ikiwa bado chafu kando ya barabara. Adolphine alimkumbatia, akaweka mdomo kwenye sikio lake, akalia kama tunavyolia sisi. Angmo, usiniache. Angmo, unaniacha na nani? Rudi, dada yangu, rudi. Alilia hivyo mpaka Alliance akaja kumwondoa. Mtu aliyekuwa anapita barabarani alisimama. Sisi tunajua kulia, hilo hatujanyang'anywa na mtu.

Jumamosi simu ikaita.

Adolphine aliishika mkononi ikiita. Akaipokea bila picha.

"Dada yangu yuko wapi?" Palden aliuliza.

"Amelala," akasema Adolphine. "Anaumwa bado. Acha apumzike."

Nyuma ya sauti ya Palden alimsikia Ama anauliza, na Palden anamjibu, na Ama anaguna. Adolphine akakata simu, akakaa kwenye ngazi na kujiambia kwamba amefanya vyema. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Kwanza unasema anaumwa. Roho ya mtu inaanza kujiandaa polepole. Halafu unafika, unakaa, unasema.

Alliance, mwenye miaka kumi na tisa na Kiingereza cha puani, alimwambia mama yake kwamba huo ni uongo, na kwamba ni ujumbe mmoja tu, dakika moja. Adolphine alimwangalia mpaka mtoto akaondoka sebuleni. Akampigia dada yake mkubwa, Yaya Elisabeth, Louisville.

"Yaya, nimefanya vibaya?"

"Vibaya nini?" Elisabeth akasema. "Kufa hatusemaka ku telefone. Umesahau ile siku? Mimi ndiye nilikuokota ku bohari. Enda, ukamwambie yule mama uso kwa uso. Donc, hata kama ni mbali, enda."

Basi akaanza kuhangaika, na naomba hili lisisahaulike: hakulala. Pasipoti yake ya Marekani, ya kwanza maishani, ilikuwa bado haijatoka, na aliifuatilia mpaka wale wa ofisini wakamjua kwa sauti. Watu wote walidhani pasipoti hiyo itampeleka kwanza Bukavu kwenye kaburi la mama yake. Yeye mwenyewe alidhani hivyo. Kisha viza. Kisha cheti cha majivu, maana Angmo alishachomwa kama alivyotaka, na huwezi kupanda ndege na mtu kwenye begi bila karatasi. Kiwandani walimnyima likizo, akawaambia basi, akaacha kazi. Na kila Jumamosi simu iliita, naye akasema amelala, yuko kwa daktari, amechoka, anakusalimu. Jumamosi moja Ama mwenyewe aliishika simu akasema maneno marefu kwa lugha yake, polepole, kama anamwimbia mtoto, na Palden akasema, "Anaomba umwekee dada simu sikioni, hata kama amelala." Adolphine akapanda juu, akaiweka simu kwenye mto wa kitanda kitupu, akasimama pembeni akiuma kitambaa. Baada ya hapo hakula siku nzima.

Ndege alipandia Columbus, kwa sababu Nafula alimtafutia tiketi kutoka huko. Nafula ni Mkenya, alikuja kusoma akabaki, sasa ni nesi, na anakaa Whitehall, pembeni mwa Columbus, kwenye yale maghorofa ya wapangaji ambapo kila mlango una harufu ya chakula cha nchi yake. Walijuana kwenye mkutano wa makanisa. Alimpikia, akampa soksi nene na vidonge vya kichwa, akamweleza kwamba Kaza iko juu sana, juu kuliko mlima wowote aliowahi kuukanyaga, na hewa yake ni nyembamba. Kisha akamwuliza jambo moja.

"Mama Alliance, kwani hawajui? Mpaka leo?"

"Ndiyo naenda kuwaambia."

"Si ungewapigia tu? Hao ni watu na taratibu zao. Huzijui. Labda kuna kitu wanafaa kufanya mapema."

"Kitu gani, na maiti ninaye mimi?" Adolphine akamjibu. "Nyinyi Wakenya mmekuwa Wazungu kabisa. Mtu anafiwa mnamtumia ujumbe na kimdoli kinachotoa machozi."

Nafula akacheka, akaacha. Ni mdogo kwake, na mdogo hashindani na mama mwenye begi la majivu mapajani. Lakini kesho yake uwanja wa ndege, wakati wa kuagana, alisema tena, "Wapigie ukifika Delhi. Tafadhali." Adolphine akaitikia kwa kichwa ili aachwe aende.

Delhi hakupiga. Alipanda basi, akabadili, akapanda jingine. Barabara ya kupanda huko inafungwa na theluji miezi mingi, na mwaka huo ilichelewa kufunguliwa. Alikaa kwenye nyumba ya wageni mjini Manali, bonde la chini, akiwa amevaa nguo zake zote, amefunga kibati chenye majivu ya Angmo ndani ya kitenge kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akingoja. Wenye nyumba walimwuliza kama anakwenda kutalii. Akasema anakwenda kumwona mama. Hakudanganya hapo.

Walipofungua njia, gari lilipanda siku nzima kwenye kingo ambazo Adolphine aliziangalia mara moja akaamua kutoziangalia tena. Kule juu miti iliisha, na majani yakaisha. Ilibaki milima mitupu ya rangi ya udongo na mto mwembamba chini kabisa, na juu ya kila daraja vitambaa vya sala vya rangi, vimechakaa kwa upepo. Kichwa kilimgonga kama mtwangio. Na alikumbuka kwamba Angmo, akiwa kwenye meza ya kiwanda na mashine zinapiga kelele, alikuwa anasema kwao ni kimya mpaka unasikia damu yako. Kumbe hakutia chumvi. Adolphine akaanza kulia taratibu, kwa mara ya kwanza akaelewa mwenzake alikuwa ameacha nini.

Kaza ni mji mdogo, nyumba nyeupe za udongo zenye madirisha yaliyozungushiwa rangi nyeusi, kuni na nyasi zimepangwa juu ya mapaa, watawa wenye nguo za rangi ya damu ya mzee wakinunua vocha za simu. Palden, aliyekuwa ameambiwa siku ya kufika na si zaidi, alikuwa anamngoja kituoni. Na kando yake, ameshikilia fimbo, Ama mwenyewe.

Ama alimkumbatia Adolphine, kichwa kikimfika kifuani. Kisha akamwachia, akachungulia nyuma yake, ndani ya gari. Akauliza kitu.

"Anauliza," Palden akasema, "dada hakuweza kuja nawe?"

Adolphine amewahi kusema habari za msiba kwenye vyumba vingi, na hajawahi kukosa neno. Pale alilikosa. Akasema, "Twende nyumbani kwanza," na akalibana lile begi chini ya kwapa.

Nyumbani alianza kufanya alivyozoea, na hakuna kilichokubali. Alitaka kumlisha Ama, lakini Ama ndiye aliyemlisha yeye: akamketisha karibu na jiko la bati katikati ya chumba, akamjazia chai ya siagi, kila mgeni akinywa funda moja anamjazia tena, akamkandia unga wa shayiri kwa vidole vyake. Alitaka kumvua viatu, Ama akawa ndiye anayemvua yeye. Alikuwa na pakiti ya biskuti aliyonunua Delhi, akamwekea bibi moja mkononi, akamwomba ale, na Ama akaila yote kwa adabu. Pembeni, mbele ya picha za watakatifu wao, taa za siagi zilikuwa zimepangwa mistari, zinawaka.

"Nyingi hivi," Adolphine akasema.

"Za dada," Palden akasema. "Tangu uliposema anaumwa. Na watawa wanakuja kila wiki kumsomea dua ya maisha marefu. Ama hajakosa hata siku moja."

Adolphine akaweka kikombe chini. Akamshika Ama mikono yote miwili, na akasema. Alisema kwa Kiingereza chake, pole pole, macho kwenye macho ya mama yule. Palden akatafsiri, kwa maneno machache.

Adolphine alijiweka tayari kumdaka. Siku zote wanaanguka, na yeye huwadaka. Ama hakuanguka wala hakulia. Aliuliza neno moja.

"Lini?" Palden akasema.

Adolphine akamwambia. Ama akazichukua shanga zake za sala na kuanza kuhesabu wiki, moja moja, kwa kidole gumba. Alipofika ya saba aliendelea na nyingine moja, kisha akazilaza shanga mapajani kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

"Nini?" Adolphine akauliza. "Palden, ni nini? Anafikiri nini?"

Palden alikuwa kijana mpole, na naamini angeweza angemficha, kama yeye Adolphine alivyowaficha wao.

"Kwetu mtu akifa hajui kwamba amekufa," alisema. "Anazunguka. Anarudi kwake, anaongea na watu wake, anawaona hawamjibu, anaogopa. Kwa hiyo watawa wanamsomea. Wanamwambia, umekufa, usiogope, usirudi nyuma, njia ni hii. Wiki saba. Baada ya hapo ameshakwenda alikokwenda, mwenyewe, kwa njia yoyote aliyoipata."

"Na nyinyi..."

"Sisi tulikuwa tunamwomba abaki," Palden akasema. "Wiki zote hizo. Tunamwita abaki."

Kuni zilikuwa zinapasuka ndani ya jiko. Adolphine akaanza kueleza, kwa haraka, kwa maneno yaliyogongana: ile picha Louisville, ile pamba puani, mama yake, maboksi, chupa ya maji. Kwamba kwao mtu mwenye heshima hauliwi kwa simu. Kwamba aliapa. Kwamba aliacha kazi, kwamba hakulala, kwamba usikawie alilisikia na hakukawia, alikimbia, alikimbia kadiri alivyoweza kukimbia. Palden alitafsiri yote. Ama alisikiliza yote, na hakuna mahali alipotikisa kichwa kukataa. Nadhani alimwelewa. Hilo ndilo lililomwumiza Adolphine zaidi, angetukanwa angepona.

Kisha Ama akasema, na sauti yake haikuwa kali.

"Kila Jumamosi nilikuuliza."

"Ndiyo, Ama."

"Alipokufa, nani alikuwa naye?"

"Mimi. Mimi peke yangu."

"Ulimwambia nini sikioni?"

Adolphine alikiona chumba kile cha juu, Black Rock, na mdomo wake kwenye sikio la Angmo, na mtu aliyesimama barabarani kusikiliza. Alijivunia kilio kile. Alisema hata kwa Elisabeth kwamba angalau Angmo hakufa kama mbwa, alililiwa.

"Nilimwambia arudi," akasema. "Nilimwita arudi."

Palden aliinamisha kichwa kabla ya kutafsiri. Ama akainuka kwa shida, akaenda pale mbele, akaanza kuzizima, moja baada ya nyingine, kwa kupunga mkono, hakupuliza. Aliacha moja tu. Akarudi, akalionyesha begi kwa kidevu. Alikuwa amejua tangu kituoni, mama gani asingejua. Adolphine akakitoa kile kibati, akakifungua kitenge, akakiweka juu ya zulia katikati yao, kwenye mwanga wa ile taa moja.

"Anasema umwambie wewe," Palden akasema.

"Nimwambie nani?"

"Dada. Kwamba amekufa. Hajaambiwa na mtu. Anasema pengine tumechelewa, pengine ameshapita, hajui. Lakini kama bado yuko mahali anasikiliza sauti, atakuwa anaisikiliza ya kwako. Wewe ndiye uliyemwita mwisho."

"Kwa lugha gani?"

"Ile uliyomwitia."

Basi Adolphine, aliyepita baharini na milimani akimbebea mama habari, akaona kwamba aliyestahili kuambiwa alikuwa begani mwake njia nzima. Alisogea kwa magoti. Alifanya anavyofanya siku zote, kwa sababu hakujua namna nyingine. Alikisogeza kikombe chake cha chai ya chumvi karibu na kile kibati. Akachukua biskuti moja kwenye pakiti, akaiweka kando ya kikombe.

"Angmo, dada yangu," akasema kwa Kiswahili chetu. "Umekula?"

Akangoja, kama anavyongoja sebuleni kwa watu. Kisha akakishika kibati kwa mikono yote miwili. Maneno aliyoyazoea yakaja yenyewe, yale laini, umepumzika, umetutangulia, Mungu amekuchukua, na kila lilipofika mdomoni alilirudisha. Nafula alisema kweli. Alliance alisema kweli. Hata yule msimamizi mpumbavu wa Louisville angemwambia Angmo mapema kuliko yeye.

"Angmo," akasema, "umekufa."

Akainama juu ya kibati, akaendelea.

"Ulikufa nyumbani kwangu, asubuhi, nilikuwepo. Nilikwambia rudi. Usirudi. Ukipanda zile ngazi hakuna mtu juu, nimefunga mlango. Wamekuita na hapa pia, ni mimi niliyewadanganya, usiwasikilize. Usiogope. Mama yako namwona, yuko hapa mbele yangu. Wewe nenda."

Alipomaliza alibaki ameinama vilevile, paji la uso kwenye bati. Ama akamwuliza Palden kama limesemwa. Palden akamjibu kwamba limesemwa. Ndipo yule mama, ambaye tangu kituoni alikuwa ameyashikilia machozi yasimzuie mtoto wake njiani, akavuta shuka usoni na kuanza kulia.